Mashuka ya Barbro na Kidole cha Mwisho

Alhamisi, 3 Oktoba

Supu ya njegere, kama kila Alhamisi. Haikushuka. Sababu ni tangazo lililobandikwa mlangoni mwa chumba cha kufulia. Mwandishi: Göte, mwenyekiti wa ushirika wetu wa nyumba. Herufi kubwa tupu. Göte hata kadi ya Krismasi huandika kwa herufi kubwa.

Kuanzia tarehe kumi na moja ubao wa vikufuli unang'olewa. Anayetaka kufua ataweka kidole kwenye kioo kidogo mlangoni. Mlango ukimtambua, unafunguka. Usipomtambua, avae nguo chafu. (Hilo la mwisho nimeongeza mimi, lakini ndiyo maana yake.)

Nimeishi jengo hili miaka ishirini na sita. Ubao ule naujua kuliko uso wangu. Kila fleti ina kikufuli kimoja chenye namba. Unakichomeka kwenye tundu la siku na saa uitakayo, zamu inakuwa yako, na ufunguo wake ndio unaofungua mlango. Zamu moja kila wiki mbili, haki sawa kwa wote. Isipokuwa mimi nina vikufuli viwili.

Cha pili ni cha fleti ya tisa, ya mdogo wangu Alvar. Alihamia Uhispania miaka minne iliyopita ili goti lake lipate jua. Aliniachia ufunguo nimwagilie dungusi lake. Dungusi lilikufa mwaka wa kwanza. Kikufuli kimeishi.

Kwa hiyo zamu ya Jumapili saa kumi jioni ni yangu kila wiki: wiki hii Sixten, wiki ijayo Alvar. Si kwamba nina nguo nyingi. Nina mashati sita. Ila zamu inayotangulia, saa nane hadi saa kumi, ni ya Barbro Sjödin, katibu wetu, kila Jumapili kwa kibali maalumu, kwani ndiye afuaye vitambaa vya meza na mapazia ya ukumbi. Na Barbro ana mashuka ya kitani aliyoachiwa na mama yake, yenye herufi zilizotariziwa pembeni. Shuka la kitani haliingizwi kwenye mashine ya kunyooshea mpaka livutwe kwanza, pembe kwa pembe, likiwa bado na unyevu. Shuka lina pembe nne. Barbro ana mikono miwili.

Mimi huwahi. Saa kumi kasoro robo niko mlangoni na kapu langu, muungwana aliyefika mapema kwa bahati tu. Barbro husema, aa, Sixten, maadamu umefika. Miaka minne hiyo.

Bila kikufuli cha Alvar, Jumapili moja itakuwa yangu na inayofuata ya mtu mwingine. Namjua. Göte ameitamani saa kumi ile tangu siku alipopita dirishani akatuona tumeshika shuka.

Lazima tangazo lipingwe.

Ijumaa, 4 Oktoba

Siku ya andazi la mdalasini, kama kila tarehe nne Oktoba. Mungu yuko upande wangu. Nimenunua maandazi ishirini na manne, nikapita mlango kwa mlango. Nimewaambia majirani kuwa Göte anataka kukusanya vidole vyao. Wote wamekubaliana nami kwa muda wote andazi lilipokuwa mdomoni. Likiisha, wanakumbuka kuwa vikufuli huganda.

Nilimtegemea Bi Elsy wa ghorofa ya chini. Ana miaka tisini na mmoja, nikadhani atachukia mambo mapya. Akaniuliza kama ni kweli hutahitaji kubeba kitu chochote. Nikalazimika kukiri kuwa ni kweli. Mwaka huu amepoteza ufunguo mara tatu. Mara ya mwisho tuliukuta kwenye friza, chini ya matunda ya msituni. Akachukua maandazi mawili, akanishukuru kwa habari njema.

Maandazi yaliyotumika: ishirini na manne. Wafuasi: hakuna.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mkutano ukumbini. Kahawa, vitambaa vya meza vimenyooka kama karatasi. (Jumapili iliyopita. Mimi upande wa dirisha, Barbro upande wa mlango.)

Fundi wa kampuni ni binti anayeitwa Emina. Nilikuja na maswali matano ya kummaliza. La kwanza: mwizi akiiba picha ya kidole changu? Akasema hakuna picha. Akachora ubaoni mistari ya kidole, kama shamba lililolimwa na mlevi. Mashine hutafuta mahali mstari unapoishia na mahali unapogawanyika njia panda, hupima umbali kati ya mahali hapo, huandika tarakimu, kisha huitupa picha. Ukija kesho hupima upya na kulinganisha. Tarakimu zikikaribiana vya kutosha, mlango unafunguka. Na tarakimu hizo hubaki hapo mlangoni, haziendi popote. Huwezi kuzirudisha ziwe kidole, akasema, kama usivyoweza kurudisha kahawa hii iwe buni.

Watu wakatazama vikombe vyao, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hila chafu, kutumia kahawa.

Swali la pili: watu wawili wakifanana? Hata mapacha, akasema, vidole vyao ni tofauti. Tena si mapacha tu: vidole vyako kumi mwenyewe havifanani. Hilo nimeliandika kiganjani.

Kisha akasema ufunguo huazimwa, namba ya siri hunong'onwa, lakini kidole sharti kije na mwenyewe. Göte akanitazama. Mimi nikachunguza jagi la maziwa.

Alikiri pia kuwa mashine si malaika. Kidole kilicholowa, kilichokatika, kilichochakaa, huweza kukataliwa hata kama ni chako. Ndiyo maana kila mtu anatakiwa kusajili viwili.

Kura ikaitishwa wakati nimeunyoosha mkono kuyafikia maziwa. Barbro ndiye aliyehesabu. Thelathini na wawili wameafiki, hakuna aliyepinga. Muhtasari umeshatiwa saini.

Jumatano, 9 Oktoba

Kisanduku cha kusajilia vidole kinazungushwa mlango kwa mlango, kila nyumba inajisajili yenyewe kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Hii ndiyo imani ya jengo letu, na imani ya watu ni mali kwa mwenye akili. Barbro amenikabidhi jioni hii. Atakichukua kesho usiku.

Mpango ni mwepesi. Mashine haijui kidole kimeota kwa nani. Dole gumba la kulia: Sixten, fleti ya kumi na nne. Dole gumba la kushoto: Alvar, fleti ya tisa. Asante, Emina.

Dole gumba la kulia. Taa nyekundu. La kushoto. Nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Cha kati, nyekundu. Nimejaribu tisa, vyote nyekundu, mashine ikaniuliza kwa upole kama nimevua glavu.

Miaka arobaini ya kupiga vigae. Saruji imelamba kila mstari. Nimejenga mabafu ya nusu ya mji wetu wa Norrköping, na leo nimejua bei niliyolipa.

Cha mwisho: kidole kidogo cha kushoto. Kijani! Kile nilikuwa nakiinua nikifanya kazi. Msimamizi wangu wa zamani alikuwa akinicheka, akiuliza kama napiga vigae au nakunywa chai kwa mfalme. Anicheke sasa.

Sixten amesajiliwa. Nikamgeukia Alvar kwa kidole kilekile. Mashine ikaandika: kidole hiki tayari ni cha Sixten Hallbäck. Nikakigeuza juu chini. Tayari ni cha Sixten Hallbäck. Nikakipaka jivu. Nikangoja nusu saa isahau. Haikusahau. Göte amepata mashine ya kufanana naye.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimempigia Alvar, nikamwomba anipigie picha ya dole gumba lake anitumie. Akauliza, kaka, umekunywa nini? Nikasema ni suala la kufua nguo. Akasema hapo ndipo alipozidi kuingiwa na wasiwasi. Lakini ametuma. Mtu mwema, Alvar, na jua limempendeza hata kidole.

Nikaenda maktaba kuchapisha. Nakala ya kwanza ilitoka kubwa kama sahani. Ya pili ilikuwa sawa. Nikaikata, nikaibandika kwenye kisanduku. Hakuna taa. Si kijani wala nyekundu, kana kwamba sijafanya kitu. Ukurasa wa pili wa maelekezo: mashine hutafuta ngozi hai, joto lake na unyevu wake, isije ikadanganywa na picha. Mtu angedhani wameniandikia mimi.

Joto? Nikaiweka juu ya bomba la kupashia nyumba. Unyevu? Nikailamba. Wino ukasambaa. Dole gumba la Alvar limekuwa doa la bitiruti, na ulimi wangu pia.

Barbro akaja kuchukua kisanduku. Mezani kulikuwa na dole gumba la ukubwa wa sahani. Akalitazama, akautazama mdomo wangu. Hakuuliza. Barbro si mtu wa kuuliza. Ndiyo sifa yake kubwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Jumapili ya kwanza ya Göte. Sikutoka nyumbani kuchungulia. Nilitoka kutembea, na matembezi yakanifikisha kichakani, kando ya dirisha la chumba cha kufulia. Mvua.

Aliingia saa kumi kasoro robo. Kasoro robo! Ameiba mpaka dakika zangu. Akashika pembe mbili, akavuta kama mtu anayepandisha mashua ufukweni. Shuka halitaki nguvu. Linataka kusikilizwa: unavuta kidogo, unaegemea, unamngoja mwenzako. Likamponyoka Barbro, likaanguka sakafuni. Itabidi lifuliwe upya. Nilicheka peke yangu kichakani, mpaka nikamwona Barbro anainama kuliokota, taratibu, mkono kiunoni. Kicheko kikaisha.

Hapo Bi Elsy akatokea nyuma yangu na mwavuli, akauliza natafuta nini. Nikasema paka. Sina paka. Akauliza jina lake. Akili ikagoma, nikasema Alvar. Basi tumezunguka jengo dakika ishirini kwenye mvua, mkongwe wa watu akiita Alvar, Alvar, njoo nyumbani mwanangu, chini ya kila dirisha. La chumba cha kufulia lilikuwa wazi.

Mwishoni nikamsindikiza hadi mlango wa chumba cha kufulia, asubuhi alikuwa amesahau soksi zake kwenye mashine ya kukaushia, na siku ya zamu yako mlango hukufungulia mpaka usiku. Akanionyesha kidole chake cha shahada kama mtu anayeonyesha pete.

"Hiki siwezi kukisahau kwenye friza," akasema.

Akakigusisha kwenye kioo. Kijani. Akarudia mara mbili kwa raha tu, mlango ukafunguka na kufungwa. Tangu mwaka jana alikuwa akingoja ngazini mtu apite amfungulie, hajawahi kutuambia. Sijui kwa nini nimeliandika hili. Haliusaidii upande wangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Barbro amegonga. Amekuja na kopo la marhamu ya chuchu za ng'ombe, ile wanayopaka wakamuaji, na glavu za pamba. Akasema kumbukumbu zake zinaonyesha nina kidole kimoja tu, na kanuni inataka viwili. Nikikikata hicho kwa kisu cha jibini nitafua mtoni. Amemuuliza Emina: mistari iliyolika kwa kazi hurudi ikipumzishwa na kulainishwa. Nipake asubuhi na jioni, nilale na glavu, nisishike saruji. Jumanne atarudi na kisanduku.

Akataka kujua pia kama paka ameonekana. Nikasema amehamia Uhispania. Akasema vizuri, kuna jua.

Anaamini kila kitu. Karibu nimwonee huruma.

Jumapili, 20 Oktoba

Zamu yangu halali. Kasoro robo. Mashuka manne. Nilivaa glavu zisiniharibie marhamu, Barbro akasema ninafanana na mhudumu wa hoteli. Hakuna kilichoanguka.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimenuka zizi siku sita, nimefaulu. Barbro alikaa mezani kwangu, akanifuta dole gumba la kulia kwa leso yake, akalishika kwa vidole viwili, akalibonyeza kwenye kioo. Nyekundu. Akalipulizia pumzi kulipasha joto. Nyekundu. Akasema nisikaze, nilegeze mkono, nimwachie yeye. Kijani.

Kisha akachapa maneno marefu kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Marefu kuliko jina langu. Sikuuliza; nilikuwa natafuta namna ya kumwomba anikopeshe kisanduku usiku mmoja, kwa ajili ya Alvar. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama nimeisoma kanuni ya saba.

Nikasema kanuni zote ni za Göte, na mimi Göte simsomi.

"Basi isome, Sixten," akasema. "Ni mistari miwili."

Ameniachia karatasi mezani. Karatasi nzuri, nene. Nimeiweka chini ya birika la kahawa; ukingoni yanachungulia maneno "mwenye zamu aweza kumchagua", mengine sikuyasoma.

Ijumaa, 25 Oktoba

Jumapili hii ni ya Göte tena. Mpango: niingie kabla yake, ndani ya saa za Barbro, na sanduku la vifaa mkononi. Nitasema bomba linavuja. Fundi hahitaji zamu, wala hakuna amfukuzaye fundi wa bomba wakati wa kufua. Göte atakapofika kasoro robo, mashuka yatakuwa yamekwisha kuvutwa, naye atabaki na soksi zake. Tatizo dogo: mlango. Nitagonga. Mpango usio na tundu hata moja.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimekwenda saa tisa na nusu. Nimegonga. Mashine zote tatu zilikuwa zinazunguka, hakuna aliyesikia. Nimegonga kwa nyundo. Bi Elsy ndiye aliyetoka kuuliza kama paka amerudi.

Nikaweka kidole kidogo. Nyekundu: si zamu yako. Nalijua hilo. Nikasimama. Kupitia mlango nilisikia mashine moja ikimaliza, nikajua sasa anatoa mashuka, sasa ameyaweka kapuni, sasa anatazama saa. Nikaweka dole gumba. Sikuwa na mpango. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kijani.

Skrini ikaandika: Barbro Sjödin, mtu wa pili.

Nimeisoma mara tatu, na kwa kuwa mimi si mjinga nimeelewa papo hapo. Marhamu ni yake. Leso ilikuwa yake. Dole lilikuwa mkononi mwake, na pumzi yake juu. Mashine imechanganya, imesoma kidole chake juu ya changu! Emina na tarakimu zake. Miaka yote ya elimu, ikashindwa na mafuta ya ng'ombe.

Nikaingia. Nikamwambia Barbro nimeukuta mlango wazi.

"Mlango huu haujawahi kuwa wazi," akasema. "Shika pembe."

Tukavuta manne, na vitambaa vya meza kumi na viwili, na pazia refu la ukumbi ambalo sikujua hata kwamba huvutwa. Juu ya mashine ya kukaushia kulikuwa na chupa ya kahawa, vikombe viwili, vipande viwili vya mkate wa iliki. Nikajua cha pili ni cha Göte. Nikakila kabla hajafika. Barbro aliona, akanimiminia kahawa ya kuteremshia. Hakuuliza hata habari ya bomba.

Göte akafika kasoro robo, amechana nywele. Akakuta shuka la mwisho limekunjwa. Akataka kujua nimeingiaje. Barbro akajibu: kwa kidole. Göte akasema polepole, kanuni ya saba, na masikio yake yakaiva. Kisha akaenda kusafisha chujio la nyuzi, ambalo lilikuwa safi. Nilimpelekea kahawa iliyobaki. Alionekana mtu anayehitaji kahawa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Hesabu ya mambo. Nina Jumapili zote, hata zile za Göte, tena tangu saa nane, wakati kwa vikufuli viwili nilikuwa naambulia robo saa. Ulaghai mkubwa kuliko wote wa maisha yangu, na sikuupanga. Sasa kazi ni kuulinda. Marhamu asubuhi na jioni, glavu usiku. Anayeishi kwa hila hutunza vyombo vyake.

Zaidi ya yote, Barbro asijue. Ni katibu mwaminifu. Akigundua kuwa mashine imenipa zamu yake, atamwita Emina siku hiyohiyo airekebishe.

Nimekutana naye ngazini. Akauliza kama sasa nimeisoma kanuni ya saba. Nikasema nimeisoma. Akangoja. Nikasema imeandikwa vizuri. Akaendelea kungoja, amenikazia macho, nikaona lazima niseme kitu cha maana. Nikamwambia kwamba silaha yoyote anayoitaja Göte akishindwa ni silaha ya kunyang'anywa, na kwamba kwenye mkutano wa mwaka nitapendekeza kanuni hiyo ifutwe yote, mistari yote miwili.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Sijawahi kumwona hivyo. Akafuta macho kwa leso ileile, akasema pendekezo lolote hupelekwa kwa katibu, nije nalo Jumapili saa nane tulisome pamoja, yeye ataleta mkate, mimi nilete dole gumba.

Hashuku chochote.